Miche Mia Mbili ya Zahanati

Dereva alikuwa ameshafagia kitalu mara mbili asubuhi ile, na alipoona teksi inapunguza mwendo kando ya barabara akaushika ufagio kwa mara ya tatu, ili akutwe kazini. Mkewe alishuka na begi moja na mfuko wa nguo. Miezi mitatu hakuwepo. Alikuwa kwa binti yao mkubwa, aliyejifungua kwa upasuaji na kukosa wa kumshika mkono, na muda wote huo kitalu cha miche kilichowalisha kilikuwa mikononi mwa mume. Kabla ya hapo kazi ya Dereva pale ilikuwa kubeba maji tu. Jina la Dereva lilimbakia, ingawa lori alilokuwa akiliendesha liliuzwa pamoja na kampuni yenyewe.

Kitalu kilikuwa kipande chembamba cha ardhi kati ya barabara kuu na ukuta wa gereji. Upande mmoja magari yalinguruma kutwa, upande wa pili nyundo zilinyoosha mabati, lakini ukiingia katikati ya miche kelele zilipungua kama mtu amefunga dirisha. Nesi mmoja wa zahanati ya jirani alizoea kuja kula chakula chake cha mchana mle ndani, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, bila kumsemesha mtu. Akimaliza alisema asante na kurudi kwa wagonjwa wake.

"Karibu, mama watoto. Pole na safari."

"Nimeshapoa. Mtoto anawasalimu, ingawa hajui kama mpo. Hamjambo hapa?"

"Mimi sijambo. Na wenyewe hawa hapa, waangalie mwenyewe."

Aliinyooshea miche mkono kama baba anayewaonyesha wageni wanawe waliofaulu mtihani. Na kweli ilikuwa ya kuonyeshwa. Mijohoro iliyoachwa ikiwa magotini sasa ilifika kifuani. Mikungu ilikuwa imetandaza majani mapana, ya kijani kizito, yanayong'aa kwa maji ya asubuhi. Wapita njia walisimama kuipiga picha. Ofisa wa bustani wa manispaa alikuwa amekuja wiki iliyotangulia, akaizunguka yote na kusema, "Mzee, una mkono." Miche mia mbili aliihitaji kwa ajili ya bustani mpya iliyokuwa ikitengenezwa kando ya zahanati, na ufunguzi wake sasa ulikuwa umebakiza siku tisa, Jumatano. Miche ikiwa mizuri, alisema, kazi ya kuitunza bustani ile kwa miaka miwili ingepewa nyumba hii hii. Kazi ya mshahara. Dereva alikuwa hajalisikia neno mshahara likimhusu kwa muda mrefu.

Mkewe alitembea polepole kati ya mistari. Majani hakuyaangalia. Aliangalia chini. Akainama, akakishika kiriba kimoja, mfuko wa plastiki wenye mche, shingoni kwa mikono miwili, akanyanyua. Hakikuja. Akajaribu cha pili, nacho kikakaa palepale. Cha tatu alikivuta kwa nguvu. Mfuko ukapasuka, na kutoka chini ukasikika mlio kama wa kitambaa kinachochanwa.

"Baba watoto," alisema bila kuinuka. "Uliinyanyua lini mara ya mwisho?"

"Ipi?"

"Yoyote."

Dereva aliuegemeza ufagio ukutani. "Mwezi wa kwanza niliinyanyua yote, kama ulivyosema."

"Halafu?"

"Halafu ikalegea. Siku mbili nzima majani yananing'inia kama nyumba yenye msiba. Watu wanapita wananiambia nimemuulia mwenyewe miche yake. Nikaionea huruma."

"Ukaionea huruma."

"Nikaiacha itulie. Na tangu hapo, mama, si unaona? Haijawahi kuwa hivi."

"Na nilipokuuliza kwenye simu?"

"Nilisema kila kitu kiko sawa." Akatafuta mahali pa kuweka mikono. "Na kilikuwa sawa! Angalia!"

"Naangalia," alisema mkewe. "Umenioteshea msitu. Tatizo ni kwamba umeuotesha kando ya barabara, na wenyewe wanautaka zahanati."

Mche wa kiriba hunyanyuliwa kila baada ya wiki tatu. Mizizi iliyochungulia chini ya mfuko hukatwa, mche hununa siku mbili, kisha huzoea kuishi na udongo uliopewa. Ukiachwa, mizizi hutoboa plastiki na kushuka ardhini kujitafutia. Hapo ndipo mche unaponawiri kwa haraka, maana haumo tena ndani ya kiriba. Kiriba kimebaki kama nguo tu. Siku ukiuhamisha, sehemu kubwa ya mizizi inabaki chini na mti unaondoka mikono mitupu. Haya mke alikuwa ameyaandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya kalenda, na kalenda ilikuwa bado imetundikwa.

Ng'ambo ya barabara fundi viatu alikuwa ameacha kushona, sindano ikiwa hewani, masikio yote kwao.

*

Chumba chao kilikuwa nyuma ya gereji. Mke alikaa kitandani akifungua viatu vya safari. Kiti kilikuwepo, lakini Dereva alisimama.

"Nimefikiri," alisema.

"Sema."

"Tuikate asubuhi ileile ya kuipeleka. Tunaimwagia maji mengi, tunaipakia. Siku ya ufunguzi itakuwa ya kijani, na kesho yake pia. Wakubwa watapanda, watapigwa picha, wataondoka."

"Na keshokutwa?"

"Keshokutwa si kuna jua? Mti umepandwa, jua limewaka, mti umekufa. Nani atachimba kuangalia mizizi?"

Mkewe alivivuta viatu, akaviweka pamoja chini ya kitanda. Miguu yake ilikuwa imevimba.

"Pale zahanati foleni inaanza saa ngapi?"

"Unajua mwenyewe. Alfajiri."

"Na dirisha linafunguliwa?"

"Saa tatu. Siku nyingine saa nne."

"Ulipompeleka mama yako mlikaa wapi?"

Dereva aliikumbuka siku ile. Walikaa ukingoni mwa mtaro, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Alilikunjua boksi la karatasi akalishika juu ya kichwa cha mama yake, mpaka mikono ikaanza kutetemeka, na yule bibi, kwa kuwaonea haya watu waliokuwa wakiwatazama, akawa anamwambia, "Shusha mkono, mwanangu. Mimi wala silisikii jua." Walikaa hivyo kwa muda wa saa tatu na nusu.

"Mama yangu usimwingize humu," alisema mwishowe.

"Simwingizi mimi. Yeye alishakaa pale. Na leo kuna mwingine amekaa palepale." Aliinuka, akachukua koleo bapa lililokuwa nyuma ya mlango na kulijaribu makali kwa kidole gumba. "Tunakata leo. Ikipata siku nane za kivuli na maji, mizizi iliyobaki itajikusanya. Na majani tunayatoa, karibu yote. Mti usio na mizizi hauwezi kulisha umati ule."

"Kitabaki nini?"

"Kijiti."

"Ofisa ameahidiwa miti, wewe umpelekee vijiti?"

"Aliyemwahidi nani?"

Dereva akaketi. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alionekana mtu wa umri wake.

*

Mke alikata chini, mume akakata juu. Mke aliingiza koleo bapa chini ya kiriba na kulisukuma kwa mguu mpaka mizizi ikaitika. Dereva alifuata na mkasi wa kupogolea. Kwenye mti wa kwanza alisimama muda mrefu. Miche ile aliijua mmoja mmoja. Siku za vumbi aliipangusa majani kwa kitambaa, kama alivyokuwa akipangusa kioo cha lori. Alipokata tawi la kwanza alifumba macho, na mkewe akamwambia ayafumbue, asije akajikata kidole.

Kufika mchana, mistari mitatu ya mbele ilikuwa imesimama uchi kando ya barabara.

"Mmeingiliwa na mbuzi?" aliuliza mama mmoja aliyekuwa ameshachagua mkungu wake tangu wiki iliyopita.

"Tunainyoa," alisema Dereva.

"Kwa msiba gani?"

Fundi viatu alivuka barabara na kisu chake cha kukatia ngozi mkononi.

"Dereva! Yaani gari umeliegesha miezi mitatu bila kuliwasha, ulitegemea nini?"

"Cheka, ndugu yangu. Cheka umalize."

"Sicheki, nauliza kama mna kazi ya kisu." Akachutama, akaanza kuvichana viriba vilivyotoboka na kuihamishia miche kwenye vipya, haraka na kwa usafi, huku akiendelea kusema. "Mimi mke wangu akisafiri hata kiberiti sigusi. Akirudi anakuta vumbi tu, na vumbi halina kesi."

Nesi alikuja saa yake ya kawaida. Akasimama mlangoni akitafuta kivuli chake, asikione. Akaipindua ndoo, akala juani, mkono mmoja umekinga uso. Dereva aliendelea kukata akiwa amempa mgongo, na shingo ilimwaka kuliko kama angetukanwa.

Ilipofika Alhamisi jioni kazi ilikuwa imekwisha. Kumi na tisa ilikuwa imefia mikononi, mizizi yote imebaki ardhini. Iliyosalia ni mia moja themanini na mmoja, imepangwa chini ya neti ya kivuli, kila mmoja na majani mawili matatu kileleni kama manyoya ya kifaranga aliyelowa. Asubuhi na jioni waliimwagilia. Hawakuwa wakizungumza sana. Mke alimpa mumewe chakula, akamuuliza kama kimetosha. Mume akasema kimetosha. Ndani ya nyumba, huo ndio uliokuwa ugomvi wenyewe.

Jumatatu, mkesha wa kupeleka, Dereva alijaribu tena.

"Nadhani uende wewe peke yako. Ofisa mtaelewana, wanawake kwa wanawake. Na wewe ndiye mwenye miche."

"Mimi ndiye mwenye miche, kweli," alisema mkewe. "Mwenye vijiti ni wewe. Tutakwenda wote."

*

Walikwenda na mkokoteni wa kuazima, safari nne. Penye uwanja mtupu wa kando ya zahanati palikuwa pamesawazishwa, vijia vimepangwa mawe, mashimo yamechimbwa kwa mistari. Mafundi walikuwa wakifunga turubai la wageni. Upande wa zahanati foleni ilikuwa palepale, imejibana kwenye ukanda mwembamba wa kivuli cha ukuta, na kila jua lilivyopanda ndivyo ukanda ulivyopungua na watu walivyokunja miguu.

Ofisa wa bustani alikuwa mwanamke wa rika la binti yao, amevaa fulana ya njano ya kuakisi mwanga, faili kwapani.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Miche iko wapi?"

"Ndiyo hii," alisema Dereva.

"Hii?"

Fundi mmoja juu ya ngazi akacheka. "Bosi, muulize kama ameleta na misumari, tuanze kuezeka."

Wenzake wakamsaidia kucheka. Hata kwenye foleni watu waligeuka kuona. Ofisa hakucheka, ingekuwa afadhali angecheka.

"Mzee, miche yenu nimeipiga picha. Picha nimewaonyesha wakubwa wangu, wakanipongeza mbele ya watu. Kesho mgeni rasmi anakuja hapa kupanda mti. Unataka apande ufagio?"

"Mwanangu," alianza mke, kwa sauti ya chini, "tulipata shida ya maji pale kitaluni, sasa..."

Dereva akamtazama mkewe. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumsikia akisema uongo juu ya mmea.

"Hapakuwa na shida ya maji," alisema. "Maji yalikuwepo. Miche hii nimeiharibu mimi."

Kwenye ngazi kicheko kikakatika. Dereva akaeleza kila kitu palepale, amesimama, kofia mkononi: kalenda iliyoandikwa, miche iliyolegea, huruma yake, simu. Hakuipamba wala hakuifupisha. Alipofika kwenye mizizi alipiga magoti, akachana kiriba kimoja na kumwonyesha ofisa mahali koleo lilipopita, na vijizizi vyeupe, vifupi kama punje, vilivyokuwa vimeanza kutokeza penye jeraha.

"Tungeweza kukuletea ya kijani," alimaliza. "Mimi ndiye niliyetaka hivyo."

"Ingebaki ya kijani mpaka lini?"

"Ijumaa."

"Na hii?"

"Hii inaonekana imekufa, lakini haijafa."

"Una uhakika, mzee?"

"Mimi sina. Mke wangu anao."

Ofisa alifungua faili, akalifunga. Aliangalia saa. Kisha akasema mambo yake moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu aliyeamua asikasirike. Ya sherehe angeinunua kwa muuza maua wa njia panda, kumi na miwili mizuri, ipandwe mbele penye kamera. Ya kwao ingepandwa nyuma, kufuata ukuta wa zahanati. Baada ya siku thelathini angekuja kuihesabu. Wenye majani ungelipiwa, usio na majani usingelipiwa.

"Na ile kazi ya kutunza?" aliuliza Dereva.

"Mzee, hilo tusilizungumze leo."

*

Kwa hiyo Dereva akawa anakwenda zahanati kila siku kabla ya jua kuchomoza, ndoo mbili na kopo la kumwagilia, kuhudumia miti isiyokuwa yake wala ya mtu mwingine. Waliokuwa kwenye foleni walimzoea upesi.

"Mzee, kuni unazimwagilia za nini? Zitakataa kuwaka!"

"Za kumpikia mwenye haraka kama wewe."

"Ukimaliza hapo njoo na kwangu, nina meza imekauka."

Alijifunza kuwajibu. Alijifunza pia kuwaomba. Siku moja alimkuta mtu amemfunga mbuzi kwenye mjohoro, akamfungua na kumpeleka kwa mwenyewe bila kugomba. Siku nyingine mama mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye homa alimuuliza miti ile itatoa kivuli lini. Dereva alifikiri kidogo. Miezi mitatu iliyopita angemjibu papo hapo.

"Ikipona, miaka miwili," alisema. "Mitatu kwa huo wa karibu yako."

"Huyu wangu atakuwa anatembea," alisema yule mama, akamhamishia mtoto kwenye bega la pili.

Siku ya kumi na saba aliona doa la kijani kwenye ubavu wa mjohoro mmoja, dogo kama kichwa cha kiberiti. Alichuchumaa mpaka magoti yakamuuma. Jioni mkewe alimuuliza habari za huko, naye akasema, "Sijui. Njoo uone." Haki ya kumwambia kwamba kila kitu kiko sawa alikuwa ameipoteza, na alilijua hilo. Kesho yake mkewe alifunga kitalu mapema na kwenda. Alipita mti hadi mti akikwaruza gome kwa ukucha: chini yake kijani, kijani, kikavu, kijani. Waliporudi nyumbani alimuuliza kama chakula kimetosha, kisha, bila kungoja jibu, akamwongezea.

Ofisa alikuja siku ya thelathini kamili, saa moja na nusu asubuhi. Foleni ilikuwa imeshafika kona. Ile kumi na miwili ya muuza maua ilisimama mbele, mizuri, ya kijani, na hakuna aliyeweza kuisema vibaya. Yeye, Dereva na mkewe walitembea kufuata ukuta, ofisa akihesabu kwa ncha ya kalamu. Mijohoro karibu yote ilikuwa imechipua, mingine kwa fujo, majani yametoka hata kwenye shina. Mikungu ndiyo iliyoumia. Kumi na kitu ilisimama mfululizo, mikavu, na hapo Dereva alibaki nyuma akajifanya anakaza kamba ya ndoo.

"Mia moja arobaini na sita," alisema ofisa. Akaandika. "Nilifikiri ningehesabu ishirini."

"Tungekuwa na mia mbili," alisema mke.

"Mama, nikwambie ukweli. Kazi ya kutunza bustani hii wameiomba watu watatu. Mmoja ana cheti. Ningekupa wewe leo hii, lakini wewe una kitalu chako. Hapa utamweka nani?"

"Mume wangu."

Ofisa alipunguza sauti, ingawa Dereva alikuwa hatua tano tu. "Huyuhuyu?"

"Huyuhuyu."

"Lakini mama, si ndiye aliyeiharibu?"

"Ndiye. Kosa lake ameshalifanya, nimeliona lote mpaka mizizi yake. Hao watatu ya kwao bado huyajui."

Ofisa aliangalia faili kwa muda, midomo imebanwa kama mtu anayezuia kucheka kazini. Akageuka.

"Mzee, umesikia?"

"Nimesikia."

"Unasemaje?"

Dereva aliweka ndoo chini, akapangusa viganja kwenye suruali. Macho yake hayakwenda kwa ofisa. Yalikwenda kwenye ile mikavu, na ng'ambo yake, kwenye watu waliokuwa wakikunja miguu kukifuata kivuli cha ukuta.

"Thelathini na mitano imekufa," alisema. "Mashimo yake nianze kuyachimbua leo?"